Ukingo wa kofia ya jino na uimara wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka pande mbili. Kuna wagonjwa walioambiwa kwamba jino lao litavishwa kofia, yaani ganda gumu linalolifunika jino lote, na wanataka kujua kama itadumu. Kuna pia wanafunzi wa udaktari wa meno na mafundi sanifu, ambao ubishi wao kuhusu umbo la ukingo hauishi. Nimewajibu wote mahali pamoja. Mgonjwa akikutana na jibu lenye ufundi mwingi, aliruke tu aende la mbele.

Ukingo ni sehemu gani ya kofia?

Ni pale kofia inapokoma na jino lenyewe linapoanza, kuzunguka shingo ya jino karibu na ufizi. Ili kofia ipate nafasi, daktari hulichonga jino pande zote na kulipunguza sehemu ya kutafunia. Kinachobaki nitakiita kisiki. Chini ya kisiki huachwa mstari unaomwonyesha fundi mahali pa kuishia. Umbo la mstari huo ndilo linaloamua pindo la kofia litakuwa na unene gani na mzigo wa kutafuna utapita vipi kutoka kwenye kofia hadi kwenye jino.

Tunatafunia juu. Mbona mnahangaika na chini?

Kwa sababu kofia nyingi za kauri hazianzi kuvunjika pale zinapogongwa.

Kauri huvumilia sana kubanwa, ila haiwezi kuvutwa. Unapotafuna, meno ya upande wa pili huisukuma kofia dhidi ya kisiki. Kisiki ni chembamba juu na kipana chini, kwa hiyo kila msukumo hukigeuza kuwa kabari inayotaka kuipasua kofia kutokea ndani. Sehemu ya juu ya kofia imeungana pande zote na ina nyama ya kutosha. Pindo la chini ni pete iliyo wazi, tena ndipo kofia ilipo nyembamba kuliko popote. Mvuto unaoizunguka pete hiyo ukipata kasoro ndogo tu, kwa mfano kibanzi kilichotoka wakati wa kusaga, mpasuko huanzia hapo na kupanda juu.

Hili halikutokana na hesabu za kompyuta peke yake. Marit Øilo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walikusanya kofia za kauri zilizovunjikia vinywani mwa watu na kuzichunguza nyuso za mivunjiko kwa darubini. Mivunjiko mingi ilikuwa imeanzia ukingoni, hasa upande unaotazamana na jino la jirani, pale ambapo mstari wa ukingo hupanda kufuata mkunjo wa ufizi. Ukuta wa kofia ni mfupi zaidi hapo. Mkunjo ule ukichongwa mkali, kofia inakuwa na mahali palipoandaliwa pa kupasukia.

Kuna aina gani za ukingo?

Tatu zinatosha kuzielewa nyingine zote. Kuna bega, ambalo ni ngazi bapa inayochongwa kuzunguka jino, upana wake milimita 1 hadi 1.5, na ukuta wa kisiki husimama juu yake karibu wima. Kuna chamfa, yaani kijibonde kilichopinda kinachoachwa na ncha ya mviringo ya drili ya almasi. Chamfa nyepesi huwa kama milimita 0.5 na nzito hukaribia 1. Halafu kuna ukingo wa kisu, usio na ngazi yoyote: ukuta wa kisiki huteremka hadi kwenye mzizi, na kofia nayo hukonda mpaka ikaisha.

Pia yapo machanganyiko, kama bega lililokatwa pembe yake kwa mshazari. Lilikuwa na wapenzi wengi enzi za kofia za chuma zilizofunikwa kauri. Siku hizi silioni sana.

Kwa nini walimu wanasisitiza kona ya ndani ya bega iwe ya mviringo?

Kauri yoyote ina nyufa ndogo zisizoonekana, zilizoachwa na kuchongwa, kuchomwa au kusagwa. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya majaribio kwa kioo, alieleza kwamba vitu vya aina hii huvunjika kwa mzigo mdogo mno kuliko uimara wa maada yenyewe, kwa sababu mkazo hujikusanya kwenye ncha ya ufa. Kona kali ndani ya kofia hufanya kazi hiyohiyo ya kukusanya mkazo. Ukiizungusha kona, mkazo unatawanyika.

Kuna sababu ya pili ambayo vitabu vya zamani havikuwa nayo. Leo kofia nyingi husagwa kwa mashine, na kijidrili cha mashine kina ncha yenye unene wake. Hakiwezi kuingia kwenye kona iliyo kali kuliko ncha hiyo. Programu ikikutana na kona ya namna hiyo, huamuru mashine isage zaidi ndani ya kofia ili kofia ikae. Matokeo yake ni kofia inayokaa, ndiyo, ila ukuta umekonda pasipotakiwa na chini yake kuna uwazi unaojazwa saruji ya meno, ile gundi ya kofia. Daktari aliyechonga kona kali hatauona uwazi huo. Fundi atauona, na mara nyingi atanyamaza.

Tatizo hili limeanza na vifaa vya kisasa?

Hapana. Kofia ya kauri tupu ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na Charles Land, daktari wa meno wa Detroit, Marekani. Kwa taarifa tu, alikuwa babu yake Charles Lindbergh, yule rubani. Kauri ya wakati huo ilikuwa dhaifu, yenye uimara wa takriban megapaskali (kipimo cha mkazo) 60 hadi 100 ikikunjwa. Mvunjiko wake ulizoeleka hata ukapewa jina la nusu mwezi: kipande cha shingoni, upande wa mdomo, kilibanduka kikiwa na umbo la mwezi mchanga. Mara nyingi kisiki kilikuwa kifupi mno, au bega halikuwa na upana wa kuibeba kauri sawasawa. Kofia ikisukumwa kwa mbele iliyumba, na pindo likalipa.

Ndiyo maana bega pana likawa sheria kwa kauri kwa miongo mingi. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya kauri ile. Kuihamishia kwenye kila kitu cheupe kinachotoka maabara leo ni uvivu.

Bibi yangu ana jino la dhahabu tangu ujana wake, jembamba kabisa. Mbona halijavunjika?

Dhahabu haivunjiki ghafla kama kauri. Ikizidiwa, inakubali kupinda kidogo na kubaki nzima, kwa hiyo ukingo wake unaweza kuwa na milimita 0.3 hadi 0.5 bila wasiwasi. Pindo jembamba la dhahabu hata huweza kusuguliwa hadi likalala vizuri juu ya jino. Kwa uimara na kwa kulihurumia jino, sijui kitu kinachoipita dhahabu kwenye magego ya nyuma. Watu wengi hawaitaki tena kwa ajili ya rangi, na bei yake nayo haisemeki.

Meno ya dhahabu ya urembo ya pwani na visiwani ni habari nyingine. Ganda lililovishwa juu ya jino bila kupimwa ukingoni halitavunjika, lakini uchafu huingia chini yake na jino huoza bila mwenyewe kujua. Jino la bibi lipigwe picha ya eksirei hata kama haliumi.

Kofia ya chuma iliyofunikwa kauri inataka ukingo gani?

Upande unaoonekana hutakiwa bega au chamfa nzito ya milimita 1 hadi 1.5, ili chuma, rangi ya kukificha na kauri vyote vipate nafasi. Upande wa ulimi unaweza kuachwa chuma kitupu chenye chamfa nyepesi. Daktari asipochonga vya kutosha, fundi ana njia mbili tu, zote mbaya: aikondeshe kauri ibanduke mapema, au aifanye kofia nene inayovimba nje ya umbo la jino. Hiyo ya pili ndiyo mgonjwa huiona. Ufizi unakuwa mwekundu siku zote na uzi wa kusafishia unakwama.

Na lithiamu disilikati?

Hii ni kauri ya kioo yenye fuwele nyingi ndani yake, uimara wake takriban megapaskali 360 hadi 500. Ni nzuri kwa rangi, ila hukataa vitu viwili: kona kali na pindo la wembe. Ipewe bega lenye kona ya mviringo au chamfa nzito, karibu milimita 1. Ukingo wa kisu usifikiriwe kwa kofia kamili ya jino la nyuma.

Faida yake kubwa iko kwenye kugundishwa. Upande wake wa ndani hutiwa asidi ya haidrofloriki ili uwe na vishimo vidogo, hupakwa sileni, kemikali ya kuunganisha, kisha saruji ya resini (gundi ya aina ya plastiki) huishika kauri na jino pamoja. Kofia iliyogundishwa hivyo haikai juu ya jino kama kitu cha kuazimwa. Nyufa za ndani zinazibwa na mzigo unashirikiwa na jino. Ndiyo sababu watengenezaji wameweza kuruhusu unene mdogo zaidi, karibu milimita 1 hata sehemu ya kutafunia, kwa sharti kwamba ugundishaji ufanyike ipasavyo. Mahali penye mate au damu inayochuruzika kutoka kwenye ufizi, sharti hilo halitimizwi.

Nimeambiwa zirkonia ni ngumu mno kiasi kwamba ukingo haujalishi. Ni kweli?

Nusu kweli, na ile nusu nyingine ndiyo yenye gharama.

Zirkonia ni kauri isiyo ya kioo. Ile ya kawaida ya meno, yenye takriban asilimia 3 za itria (oksidi inayochanganywa ndani yake) kwa hesabu ya moli, ina uimara wa megapaskali 900 hadi 1,200. Ina mbinu yake pia: ufa unapojaribu kusonga, chembe zilizo mbele yake hubadili umbo na kutanuka kwa asilimia 3 hadi 5 ya ujazo, zikaubana ufa ule. Kwa sababu hiyo inaweza kukubali chamfa nyepesi ya milimita 0.5, jambo ambalo kauri ya kioo hailiwezi.

Hata hivyo kuna zirkonia na zirkonia. Ile inayopitisha mwanga zaidi, yenye karibu asilimia 5 za itria, imebadilishana uimara na urembo. Nguvu yake hukaribia nusu ya ile ya kwanza, na mbinu ya kubana ufa karibu haipo. Mgonjwa huambiwa "tutakuwekea zirkonia", basi. Ukingo uliochongwa ukitegemea zirkonia ngumu, kisha maabara ikasaga ile ya kung'aa, si ukingo salama tena. Daktari na fundi wasipoandikiana aina kamili, hakuna wa kulaumiwa na kofia imekwisha kupasuka.

Basi ukingo wa kisu unafaa kwa zirkonia au haufai?

Hapa tafiti zinavutana. Yapo majaribio ya maabara ambapo kofia za zirkonia zenye ukingo wa kisu zilibeba mzigo mkubwa kuliko zenye chamfa. Sababu yake inaeleweka: jino likichongwa kidogo, kisiki kinabaki kinene na kinaibeba kofia vizuri. Yapo mengine yaliyolipa bega ushindi. Nchini Italia, daktari wa meno Ignazio Loi ameieneza njia ya kuchonga wima bila ngazi, ukingo ukiamuliwa na umbo la ufizi, na wapo madaktari wengi wanaoitumia na kuridhika.

Kabla hujachagua upande, tazama majaribio yenyewe yalivyofanywa. Mengi hushusha tufe la chuma juu ya kofia mpaka ivunjike, na namba inayopatikana mara nyingi huzidi nyutoni (kipimo cha nguvu) 1,000. Mtu mzima akiuma magego kwa nguvu zake zote hufikisha nyutoni mia kadhaa, na kutafuna chakula hutumia sehemu ndogo ya hizo. Tena tufe la chuma huiponda kofia pale linapogusa, wakati kofia za vinywani huanzia kupasuka ndani au ukingoni, baada ya mizigo midogo mingi isiyohesabika, ndani ya mate. Mtafiti Robert Kelly wa Marekani aliliandika hilo mwaka 1999, na bado kila mwaka zinachapishwa tafiti za tufe la chuma. Maji yenyewe huusaidia ufa kusonga polepole kwenye kauri za kioo. Jaribio kavu la dakika mbili halionyeshi hilo.

Mimi ningesema hivi. Kwenye jino lenye ufizi uliosinyaa na mzizi uliofichuka, ambapo kuchonga bega kungemaanisha kuingia ndani kabisa ya dentini, tabaka la ndani la jino, karibu na kiini chenye neva, zirkonia ngumu yenye ukingo wa kisu au chamfa nyepesi ni chaguo la busara. Kwenye gego la kawaida la mtu mwenye ufizi mzima, chamfa ya milimita 0.5 hadi 0.8 humpa fundi mstari unaosomeka na pindo lisilomwogopesha. Mstari unaosomeka una thamani yake. Ukingo wa kisu huacha mahali pa kuishia kwa maoni ya mtu, na fundi aliye mbali hawezi kuyajua maoni ya daktari.

Fundi anaweza kuuharibu ukingo uliochongwa vizuri?

Anaweza, na kwa zirkonia ni rahisi. Husagwa ikiwa bado laini, kabla ya kuchomwa kwenye tanuru la nyuzi 1,450 hadi 1,550 za selsiasi, na husinyaa karibu sehemu moja ya tano kwa kila upande, yaani asilimia 20 hivi. Katika hali ile laini, pindo jembamba humeguka kwa kuguswa tu. Fundi mzoefu huliacha nene kidogo kwenye programu, kisha hulipunguza taratibu kwa jiwe la mpira. Fundi mwenye haraka huisaga zirkonia iliyokwisha kuchomwa kwa drili kali isiyo na maji. Joto na mikwaruzo vinaacha nyufa palepale ambapo mvuto utakuja kuzitafuta.

Hata daktari anaweza kuuharibu. Kuikwaruza kofia kwa ndani kwa sababu haikai, dakika chache kabla ya kuigundisha, ni kazi ya namna hiyohiyo.

Basi chongeni jino zaidi ili kofia iwe nene na imara!

Hilo ndilo kosa ninalolipinga kwa nguvu zote. Mwaka 2002 watafiti Edelhoff na Sorensen walipima kiasi cha jino kinachoondolewa kwa kila aina ya uchongaji. Kwa kofia kamili walikuta ni takriban theluthi mbili hadi robo tatu ya uzito wa sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Ni nyingi. Jino lililo hai likichongwa kwa kina hivyo, kiini chake kiko karibu, na baadhi ya meno hayo huja kuuma au kufa miaka ya baadaye.

Na hata pasipo kiini kufa, kofia ngumu juu ya kisiki chembamba huhamisha tatizo. Kofia inabaki nzima, jino linakatika shingoni. Kofia iliyopasuka hutengenezwa nyingine. Jino lililokatika chini ya ufizi mara nyingi hung'olewa. Kati ya nusu milimita ya kauri na nusu milimita ya dentini, mimi huchukua dentini, isipokuwa pale aina ya kauri inaponikatalia kabisa. Na ikinikatalia, nauliza kwanza kama jino hili linahitaji kofia kamili, au kofia nusu inayofunika vilele tu ingetosha.

Jino langu lilitibiwa mzizi na limebaki fupi. Ukingo uwekwe wapi?

Uwekwe mahali ambapo juu yake kuna ukuta wa jino halisi wenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, na kofia iukumbatie ukuta huo. Ujazo mweupe au nguzo iliyoingizwa mzizini havihesabiwi. Mkumbatio huu ndio unaolizuia jino kupasuka kama gogo kofia inapoyumbishwa, na hakuna umbo la ukingo, bega wala chamfa, linaloweza kuufidia usipokuwepo.

Jino likikosa kimo hicho, daktari anaweza kulivuta taratibu kwa waya, au kupunguza ufizi na mfupa kidogo. Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba jino halitafaa kuvishwa kofia. Ni bora ulisikie kabla ya kulipa.

Mteremko wa kuta za kisiki una neno gani na ukingo?

Kuta zikiteremka sana, kabari niliyoitaja juu inakuwa kali zaidi na kofia inashikiliwa na saruji peke yake. Jumla ya mteremko wa pande mbili ikiwa nyuzi 10 hadi 20 inakubalika. Kimo cha kisiki kisipungue milimita 3 kwa meno ya mbele na 4 kwa magego. Wanafunzi wengi huchonga bega zuri sana chini ya kisiki chenye umbo la piramidi.

Uwazi kati ya kofia na jino unaruhusiwa kiasi gani?

Namba inayotajwa na kila mtu ni mikromita 120 (milimita 0.12), iliyotolewa na watafiti McLean na von Fraunhofer mwaka 1971. Kofia nzuri za siku hizi hupata chini ya hapo. Uwazi mpana hauivunji kofia siku hiyohiyo. Saruji huyeyuka au huliwa, pindo hubaki bila kitu chini yake, na pindo lisilobebwa humeguka. Huku nyuma jino linaoza. Kofia nyingi zinazoitwa zimevunjika zilianza kwa kukosa kubebwa.

Saruji ya kawaida inatosha?

Kwa chuma na kwa zirkonia ngumu kwenye kisiki kirefu chenye kuta nzuri, saruji ya ionoma ya kioo inatosha. Kwa kauri ya kioo, au kisiki kifupi, tumia resini. Zirkonia haishikwi na asidi ile ya kauri za kioo. Hupulizwa mchanga laini wa alumina kwa shinikizo dogo, kisha hupakwa kiunganishi maalumu chenye fosfati.

Ukingo ukae juu ya ufizi au chini?

Juu, kila inapowezekana. Unaonekana, unasafishika, unapimwa bila damu, na mara nyingi huishia kwenye enameli, gamba gumu la nje la jino, ambayo gundi huishika vizuri kuliko dentini. Ukifichwa chini kwa ajili ya urembo, usizidi nusu milimita hivi. Ufizi hujishikiza kwenye jino kwa upana wa kama milimita 2 juu ya mfupa, na kofia inayoingilia eneo hilo huleta uvimbe usiokwisha kwa dawa ya kusukutua.

Natoka Arusha na meno yangu yana madoa ya kahawia. Kofia zitashika?

Zitashika, ila ukingo unahitaji jicho la ziada. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa, Arusha, Manyara, Kilimanjaro, hadi Nakuru upande wa Kenya, yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Enameli iliyoathirika kidogo huwa ngumu kuliwa na asidi ya kugundishia, na daktari huilainisha kwanza kwa drili. Ile iliyoathirika sana ina matundu ndani na humeguka. Ukingo ukiachwa juu ya enameli ya namna hiyo, kofia itabaki nzima huku ukingo wa jino lenyewe ukibanduka pembeni yake. Ni heri kusogea kidogo hadi penye enameli iliyo imara. Na kama shida ni rangi tu, uliza kuhusu kusugua, kung'arisha au gamba jembamba la mbele kabla ya kukubali kofia kamili.

Nasaga meno usingizini. Nichague nini?

Chuma, au zirkonia ngumu isiyofunikwa kauri juu, iliyong'arishwa vizuri mahali inapokutana na jino la pili. Halafu kinga ya usiku, na uivae kweli.

Kipande kidogo kimemeguka ukingoni. Lazima kofia ibadilishwe?

Inategemea kimeacha nini. Kibanzi kidogo juu ya ufizi, kisichofichua jino wala kuacha ufa unaopanda, kinaweza kulainishwa na kung'arishwa. Kikiwa kimeacha kijishimo, hujazwa resini baada ya kauri kuandaliwa, ingawa kiraka hicho hakidumu kama kofia. Daktari akimulika taa kwa pembeni na kuona mstari unaopanda kuelekea juu, kofia hiyo imekwisha, hata kama husikii maumivu. Kipande chenyewe usikitupe. Kifunge kwenye karatasi ukilete, kwa sababu uso wa mvunjiko ukitazamwa kwa darubini unaonyesha ufa ulianzia wapi, na daktari na fundi wanahitaji kulijua hilo kabla ya kuanza kofia ya pili.